Kabla hujafumba macho: kikao cha tiba ya hipnosi kinavyokwenda

Hipnosi ni hali ya kutulia na kuzama katika wazo moja, ambamo mtaalamu hukupa maneno ya kukusaidia na shida yako. Hofu kubwa za anayekuja mara ya kwanza huwa mbili: kwamba utalazwa usijitambue, na kwamba utatoboa siri zako. Ondoa zote. Utasikia adhana, utasikia bodaboda zikipita nje, na ukitaka kuondoka utafumbua macho na kuondoka. Kilicholeta utata ni jina. Hypnos kwa Kigiriki ni usingizi, na James Braid, daktari wa upasuaji Mskoti aliyefanya kazi Manchester, Uingereza, ndiye aliyelivumisha miaka ya 1840. Baadaye alitaka kulibadili, maana wagonjwa wake wengi hawakuwa wamelala hata kidogo, lakini lilikuwa limeshakolea.

Kikao cha kwanza huchukua dakika 60 hadi 90. Vinavyofuata, kama 50. Usije umetoka kumaliza sahani ya ugali wa muhogo na migebuka, utasinzia kwelikweli. Wala usije na njaa, tumbo litanguruma kuliko sauti ya mtaalamu. Pitia msalani. Simu izime kabisa, mtetemo nao unasumbua. Mvuvi aliyekesha ziwani na alale kwanza, aje kesho.

Sehemu ndefu ya kikao cha kwanza ni maongezi. Utaulizwa umesumbuka tangu lini, unatumia dawa gani, kama una kifafa, kama umewahi kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Jibu kweli. Anayesikia sauti hizo aanzie kwa daktari wa afya ya akili hospitalini, kwa sababu hipnosi inaweza kumvuruga zaidi. Sema pia unachokiogopa. Wataalamu wengi hupenda kukupeleka ufukweni kwa mawazo, na kwa mtu wa Kigoma ziwa ni picha ya karibu. Ila kama mtumbwi uliwahi kukupindukia, au ulipoteza ndugu majini, picha hiyo itakukaza mwili badala ya kuulegeza. Akijua mapema atakupa mlima, shamba la michikichi, au kibaraza cha bibi yako. Na kama utotoni ulibembelezwa kwa Kiha, mwambie. Neno moja la Kiha likitiwa mahali pake laweza kufika mbali kuliko Kiswahili cha vitabuni.

Kisha huja jaribio dogo. Mathalani, unafumba macho unawaza embe bichi linakatwa, linapakwa chumvi na pilipili, linaletwa mdomoni. Mate yakijaa, umeshaona jinsi wazo linavyouamuru mwili. Yasipojaa si kosa. Watu hawalingani: wachache huzama haraka sana, wachache hawazami karibu kabisa, walio wengi wako katikati.

Sasa kazi yenyewe. Unakaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote sakafuni, mikono mapajani. Unaonyeshwa nukta ukutani, juu kidogo ya usawa wa macho. Imewekwa juu makusudi: macho yakitazama juu bila kuinua kichwa, kope huchoka zenyewe, na mtaalamu anapokwambia zinakuwa nzito anasema jambo ambalo tayari linatokea. Pumzi za kutoa zinarefushwa. Mwili unalegezwa kipande kwa kipande, paji la uso, taya, mabega, hadi nyayo. Hii huchukua dakika 10 au zaidi. Halafu anahesabu kutoka 10 kurudi 1, au anakushusha ngazi. Kwetu huku unaweza kuwa unatazama taa za wavuvi wa dagaa usiku, moja inazimika, nyingine inafuata.

Hapa ndipo wengi hujiharibia, kwa kujikagua: “Nimeshaingia? Mbona bado nasikia?” Kujikagua ndiko kunakukatiza. Mawazo yakikimbilia jiko uliloacha linawaka, yaache yapite. Utameza mate, vidole vitafanya ganzi, chozi laweza kudondoka bila huzuni. Dakika 30 zinaweza kuonekana kama 10.

Ukishatulia, unapewa maneno mliyokubaliana. Maneno mazuri huwa mafupi na yanataja hali halisi: “Nikiingia chumba cha usaili, mabega yanashuka, natoa pumzi.” “Hutaogopa tena” ni maneno mabovu, kwa kuwa akili inabaki imeshikilia kuogopa. Ukisikia neno lisilokukaa, tikisa kichwa au sema, unaweza kuongea.

Kurudi ni kuhesabu 1 hadi 5, kunyoosha vidole, kufumbua macho. Unaweza kupata kizunguzungu au kichwa kuuma kidogo. Kunywa maji, kaa dakika 10 au 15, ndipo upande bodaboda. Ukiwa wewe ndiye dereva, kaa zaidi.

Masika ina tatizo lake: mvua ikipiga bati, husikii kitu. Mtaalamu mjuzi huitumia mvua yenyewe kama sauti ya kutulia, asiyejua hupaza sauti, na kikao kimekufa. Kikao kikiwa cha video, chaji simu, vaa spika za masikioni, mwache mtu mzima nyumbani, na mpeane namba ya kupigiana mtandao ukikatika. Ukikatika ukiwa umefumba macho hutabaki humo: utafumbua mwenyewe, au utasinzia kidogo uamke.

Mwulize mtaalamu taaluma yake ya msingi ni ipi: udaktari, uuguzi, saikolojia? Aombe ruhusa kabla ya kukugusa hata bega, na asikukatalie kuja na ndugu yako. Akikuahidi kupona kwa kikao kimoja, au akikubali kukufumba macho ili umtaje aliyekuloga au aliyeiba ng'ombe, ondoka. Kumbukumbu inayochimbwa hivyo huweza kutoka ya uongo huku mwenyewe ukiapa ni kweli, na jirani asiye na hatia ndiye atakayelipa.

Idadi ya vikao hutegemea shida. Kwa tumbo linalokata na kujaa gesi bila kidonda wala mdudu, tiba iliyochunguzwa sana Manchester tangu miaka ya 1980, huwa 7 hadi 12, pamoja na kusikiliza rekodi ya sauti ya mtaalamu nyumbani kila siku. Kuacha sigara, ushahidi wake bado ni dhaifu. Dawa za presha, kisukari au kifafa usiziguse bila daktari wako. Vikao vinne vikipita bila badiliko lolote, mwambie mtaalamu wazi, mbadilishe njia au mwachane. Na ile rekodi usiisikilize ukiwa jikoni, barabarani au kwenye boti.