Chuo chako kina timu mpya? Usikose msimu wa kwanza

Mpwa wangu anasoma chuo kikuu cha UTRGV, kusini kabisa mwa jimbo la Texas, Marekani. Timu ya chuo hicho ya futiboli ya Kimarekani ilicheza msimu wake wa kwanza mwaka 2025. Akanipigia simu: "Mjomba, mchezo wenyewe siuelewi, niende kufanya nini?" Nikacheka. Mwaka 2011, UTSA, Chuo Kikuu cha Texas mjini San Antonio, kilipoingiza timu yake uwanjani, na mimi niliuliza hivyo hivyo.

Nilimwambia aende. Msimu wa kwanza ndio pekee ambao mgeni na mwenyeji wanaanza sawa. Kwenye vyuo vyenye timu kongwe, wenzako wamerithi ushabiki kwa babu zao, nyimbo wanazijua tangu utotoni, na wewe utabaki kuchezesha midomo. Sisi siku ile ya Septemba 3, ndani ya uwanja wa Alamodome, tulikuwa watu 56,743 na hakuna aliyekuwa na la kutusimulia kuhusu mechi ya zamani. Wimbo ukianza, watu wanatazamana. Raha sana!

Sheria usihangaike nazo. Shika hili moja: timu inapewa nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10, ikifanikiwa inapata nne nyingine, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Mengine utamuuliza jirani yako, na Wamarekani wanapenda mno kuulizwa.

Ila jifunze wakati wa kupiga kelele. Mimi nimekulia kwenye kelele za Simba na Yanga, ambako timu yako ikiwa na mpira ndipo koo linapasuka. Basi nikasimama, vijana wetu wanajipanga kushambulia, nikapiga mbinja mpaka masikio yangu yakaziba. Mzee wa mbele akageuka, akaweka kidole mdomoni. Kumbe kwao timu yako ikiwa na mpira unanyamaza, ili mchezaji anayeongoza mashambulizi asikike na wenzake. Kelele unawawekea wageni. Nilikaa chini kama mtoto aliyekatazwa sukari.

Fika mapema pia, saa tatu kabla ya mchezo kuanza. Nje, kwenye maegesho, watu wanachoma nyama nyuma ya magari yao na kukaribishana. Nilipeleka kachumbari, nikarudi na marafiki watatu. Na kula ushibe, maana saa ya mchezo inasema dakika 60 lakini utatoka baada ya saa tatu na zaidi.

Siku hiyo tuliwafunga chuo cha Northeastern State 31 kwa 3. Kocha wetu alikuwa Larry Coker, yule aliyekipa chuo cha Miami ubingwa wa taifa wa vyuo msimu wa 2001, kwa hiyo tukaona tumeshafika. Wiki iliyofuata McMurry, chuo kidogo ambacho wengi wetu hatukuwahi kukisikia, wakatupiga 24 kwa 21. Wengine walisusa palepale. Mimi nasema mechi ya kwenda kuliko zote ni hiyo inayofuata kipigo: viti vipo, na waliobaki wanakumbukana kwa sura. Tulimaliza na ushindi 4 na vipigo 6.

Tena kumbuka, wanafunzi wa UTSA ndio waliopiga kura mwaka 2007 kukubali ada ya michezo ipande ili timu ipatikane. Mpwa wangu, angalia vizuri ankara yako ya chuo. Kiti hicho huenda umeshakilipia.