Kwa afisa mpya wa ununuzi: barua ya matokeo na zile siku 14

Ukiajiriwa katika idara ya ununuzi ya kaunti au shirika la umma hapa Kenya, utakabidhiwa Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2015 na kuambiwa uisome. Isome yote, pamoja na Kifungu cha 227 cha Katiba kinachotaka ununuzi uwe wa haki, wa wazi, wa ushindani na usiopoteza pesa. Ila ukiniuliza uanzie wapi, nitakwambia vifungu vya 87 na 167 vya Sheria hiyo.

Kifungu cha 87 kinahusu barua za matokeo. Aliyeshinda anaarifiwa, na walioshindwa wanaarifiwa wakati huohuo, kila mmoja akielezwa sababu. Hiyo sababu ndiyo kazi yenyewe. Kumwandikia mtu kwamba zabuni yake "haikukidhi vigezo" ni kumnyima haki yake. Mwambie ni kigezo gani, kiko ukurasa gani wa hati ya zabuni, na ni cheti gani alichokosa. Mwenye duka dogo aliyekesha akijaza fomu anastahili jibu ambalo litamsaidia kujaza vizuri zaidi mwakani. Barua kama hiyo pia huzuia kesi nyingi, kwa sababu mtu aliyeelewa alipokosea mara nyingi hatafuti wakili.

Kuanzia hapo siku zinahesabika. Kwa kifungu cha 167, mzabuni ana siku 14 za kupeleka malalamiko mbele ya PPARB, bodi ya rufaa za ununuzi wa umma, nawe huruhusiwi kutia saini mkataba kabla hazijaisha, hata kama mkubwa wako anakusukuma kwa sababu mwaka wa fedha unafunga Juni 30. Siku ya kuarifiwa haihesabiwi. Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa. Kwa hiyo weka ushahidi wa siku ambayo kila barua ilimfikia mwenyewe.

Malalamiko yakiwasilishwa, ununuzi unasimama na bodi ina siku 21 za kuamua. Asiyeridhika huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 14, nayo ina siku 45. Usidhani majaji wana uhuru wa kuzivuta siku hizo: mwaka 2021, katika kesi ya Aprim Consultants dhidi ya Tume ya Huduma za Bunge, Mahakama ya Rufani ilisema hukumu iliyotolewa baada ya siku 45 ni batili.

Jambo jingine, na hili nalitilia mkazo sana: faili. Bodi haitakuuliza ulikusudia nini, itaitisha faili. Kumbukumbu za kufungua zabuni ziwe na saini za kamati, ripoti ya tathmini ionyeshe alama zilivyotolewa, na maoni ya kitaalamu ya mkuu wa ununuzi yawe na tarehe inayotangulia uamuzi wa afisa mhasibu, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa matumizi yake. Ukiombwa kurudisha tarehe nyuma, kataa, na ukatae kwa maandishi.