Hendo iko chini, umeme je?

Wiki hii nimechukua maswali ya laini kubwa na swichi zake. Mengine yanajirudia kila mwezi, nayarudia na mimi maana watu bado wanaungua.

Kiwandani tuna swichi ya volti 11,000. Fundi kashusha hendo (mkono wa swichi), pameandikwa OFF, akatuambia tuanze kufungua kebo. Tulikosea?

Mlikosea, na mshukuru Mungu mmebaki wa kusimulia. Hendo inakuonyesha hendo iko wapi, basi. Ndani kuna fito, springi, pini na visu vya fezi tatu (vyuma vinavyounga na kuachanisha nyaya tatu za umeme), kisu kimoja kikiganda kwa kutu au pini ikikatika hendo inashuka vizuri kabisa na fezi moja inabaki na umeme wake wote. Nimewahi kufika kiwanda kimoja nikakuta isoleta (swichi ya kutenga laini) visu viwili viko wazi cha tatu kimeng'ang'ania, na vijana wameshashika spana. Utaratibu ni ule ule ninaousema miaka yote: kata, piga kufuli na weka kibao, pima kwa kipimo cha umeme mkubwa chenye fimbo yake (ile testa ya bisibisi usiisogeze huko, itakuua), na hicho kipimo ukihakiki kwanza kama kinafanya kazi halafu ukihakiki tena ukishapima, kisha weka ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) fezi zote tatu. Hapo ndio unagusa. Fundi akikwambia "hii swichi naijua" ondoka hapo.

Isoleta ikifunguliwa mashine zikiwa zinafanya kazi inatoa moto mkubwa. Ni kawaida?

Sio kawaida, ni kosa, isoleta haikutengenezwa kukata mzigo (umeme ukiwa unatumika), breka inakata kwanza ndio isoleta inafuata. Moto wa namna hiyo joto lake linaweza kufika nyuzi 19,000, uso wa jua ni kama 5,500. Na acheni kuvaa nailoni kazini, inayeyuka na kugandia ngozi.

Swichi yetu ya mafuta inavuja kidogo na mafuta yamekuwa meusi. Tuongeze tu?

Msiongeze. Kazi ya yale mafuta ni kuzima moto unaozaliwa visu vinapoachana, na kila ikikata shoti yanaingia masizi. Yakiingia na maji ndio hatari zaidi, siku ikija shoti kubwa moto hauzimiki, mafuta yanageuka gesi, tanki linapasuka na mafuta yanayowaka yanammwagikia aliyeshika hendo. Zimeni kutoka swichi ya juu yake, mafuta yapimwe, visu vikaguliwe. Na zile za zamani zisizo na springi, ambazo kasi ya kufunga inategemea nguvu ya mkono wa mtu, msiziendeshe kabisa zikiwa na umeme, mkono ukisita katikati moto umeshawaka. Najua bosi atasema swichi mpya ni ghali. Mwulizeni mazishi na fidia ni bei gani.

Glavu za mpira za dukani zinafaa kwa 11,000?

Hazifai. Tafuta klasi 2 (mwisho volti 17,000), kwa 33,000 ni klasi 4, na uzijaze hewa uone kama zinavuja kila mara kabla ya kuvaa.

Umeme ukikatika nachomeka jenereta kwenye soketi nawasha nyumba nzima. Chenjiova (swichi ya kuchagua umeme wa laini au wa jenereta) ina ulazima?

Jamani hili nimelijibu mara ngapi! Ule umeme wako wa 230 unatoka nyumbani kwako unarudi kwenye transfoma ya mtaa, na transfoma haichagui upande, inaupandisha mpaka 11,000 au 33,000, na juu ya nguzo yuko kijana wa watu anajua laini imezimwa. Chenjiova ina ulazima, na iwe nzima. Ile ambayo kizuizi chake cha kuzuia pande mbili zisiungane kimetolewa, au imeungua ndani ikashikana pande zote mbili, ni sawa na kutokuwa nayo, halafu ni mbaya zaidi kwa sababu unaiamini. Ikinuka kuungua au ikiwa ngumu kugeuka, badilisha leo.

Dropauti (fyuzi ya nguzoni inayoshuka ikiungua) imeshuka, vijana wana mti mrefu mkavu. Wairudishe?

Wasithubutu, mti unaouona mkavu una unyevu ndani. Imeshuka kwa sababu kuna hitilafu, ukiirudisha unaiwasha shoti usoni kwako. Pigeni simu ya dharura Tanesco, na kama kuna waya chini watoto wakae mbali mita 10 au zaidi, hata kama hautoi cheche.