Uliza Jikoni: Pankeki nzuri Malindi tutazipata wapi?

SWALI: Assalaam aleikum dada wa Jikoni. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Maweni hapa Malindi. Kila shule zikifungwa huwa nawatoa mara moja tukanywe chai nje, na siku hizi mahamri hawataki hata kuyasikia, ni pankeki tu manake wameziona kwa simu. Mwezi uliopita tukaingia hoteli moja kubwa upande wa baharini, tukangoja dakika arubaini, zikaja pankeki mbili mbili kila sahani, zimepoa, nje zimeungua ndani uji, halafu wamezimwagia shira ya chupa inanuka kama dawa ya kikohozi. Watu wanne nimelipa elfu mbili na mia nne na yule mtoto wangu mdogo akalia. Niambie dada, pankeki za maana hapa mjini ziko wapi, ntazijuaje kabla sijatoa pesa zangu, ama mpaka niwapeleke Mombasa?
Mama wa Maweni

JIBU: Wa aleikum salaam dadangu, na pole sana, hasa kwa huyo mdogo. Pesa hio ni unga na mayai na maziwa ya siku nyingi nyumbani, si ya kutupwa.

Mombasa usiende. Pankeki hapa ziko, ila ntakwambia kitu ambacho nimekiona miaka yote ninayokula na kuandika hapa mjini, jina la hoteli halikusaidii sana, la kuuliza ni nani yuko jikoni wiki hii. Malindi ni mji wa msimu. Kuanzia Disemba mpaka Machi wageni wamejaa, wapishi wazuri wako kazini, jiko liko moto tangu alfajiri. Ikifika mwezi wa nne mvua za masika zinaanza, hoteli nyingi zinafunga ama zinapunguza watu, na yule kijana aliyekuwa akigeuza pankeki kama anacheza ameshapanda matatu kurudi kwao. Ukienda mwezi wa tano meza ni zile zile na menyu ni ile ile lakini mkono si ule. Ndio maana mtu anakusifia mahali, unaenda, unakuta mambo mengine kabisa, na hakukudanganya.

Sasa hao watoto wako wanataka gani? Manake zile za kwenye simu, nene zilizopangwa juu ya nyengine, ni za Kimarekani, hizo huinuliwa na beking pauda. Kisha kuna krepi, nyembamba kama leso, asili yake Ufaransa lakini hapa kwetu zimeshikwa na Wataliano, mikahawa yao imejaa Lamu Road na hio ndio pankeki utakayoikuta imepikwa vizuri mara nyingi zaidi Malindi kwa sababu wanaijua. Krepi haina beking pauda, ni unga, maziwa, mayai na siagi kidogo, uji wake unaachwa ukae nusu saa ama zaidi kabla ya kupikwa. Na ukiiangalia vizuri ni ndugu wa chapati ya maji ya nyumbani kwako, kwa hivyo kama pesa ni kidogo sioni kwa nini ulipie mia tano kitu ambacho unaweza kukipika kwa kikaango chako mwenyewe ukapaka asali.

Hizo nene ndizo zenye kazi, na ndizo zilizokuliza. Beking pauda nyingi za siku hizi hufanya kazi mara mbili, kwanza ikikutana na majimaji halafu tena ikikutana na moto. Mpishi akikoroga ndoo nzima saa kumi na mbili asubuhi akawa anachota mpaka saa nne, ile nguvu ya kwanza imeshakwenda, pankeki inakaa chini kama mkate uliokaliwa. Akikoroga sana mpaka uji ukawa laini kabisa pia kaharibu, ngano inavuta, unatafuna kama mpira. Uji mzuri una vidonge vidonge, unapumzika dakika tano mpaka kumi hivi, basi. Na zile zako zilizoungua nje zikawa uji ndani, hapo ni moto, walikuwa na haraka wakauacha moto juu. Pankeki nene inataka moto wa kiasi, unamwaga, unangoja vile vitobo vya juu vipasuke vibaki wazi visijifunge tena, ndio unageuza, mara moja tu, na usiikandamize na mwiko. Upande wa kwanza ni kama dakika mbili tatu, wa pili chini ya hapo.

Kwa hesabu hio unajua. Ukiagiza za watu wanne zikaja baada ya dakika mbili, zilikuwa zimepikwa kitambo zikapashwa. Ukingoja arubaini, wamekusahau. Kumi mpaka ishirini, hapo mtu anakupikia wewe. Mimi nikiingia mahali nisipopajua hukaa pale ninapoliona jiko, namuuliza weita bila haya, "unga umekorogwa saa ngapi?", akienda kuuliza akarudi na jibu ni dalili nzuri, akiniangalia kama nimemtukana naagiza chai. Na muulize kama wanatumia mala. Wamarekani hutia maziwa ya siagi, huku kwetu mpishi anayeelewa hutia maziwa lala na beking soda kidogo, ule uchachu ukikutana na soda pankeki inafura na inakuwa laini mpaka kesho yake. Kisha agiza sahani moja kwanza. Sahani moja, uma nne, mkaonja. Mkiridhika ongezeni, msiporidhika umepoteza mia chache badala ya elfu mbili.

Bafe za asubuhi za hoteli za ufuoni, ukiweza kuingia kama si mgeni wa kulala (piga simu uulize kwanza), usichukue zile zilizofunikwa kwenye sinia la mvuke, zimeshatoa jasho. Nenda pale anaposimama yule anayepika mayai, mwombe kwa adabu akumiminie moja pale pale. Sijawahi kukataliwa.

Shira sasa. Shira ya kweli ya mti wa mepo (maple) inatoka sana sana Kanada, jimbo la Quebec, na inataka kama lita 40 za maji ya mti kupata lita 1, kwa hivyo ni ghali na hoteli chache zinayo. Nyingi ni glukosi, rangi na harufu, hio ndio dawa yako ya kikohozi. Omba chupa uisome, haina ubaya. Ama omba asali, na kama hawana beba yako. Mimi hununua asali ya msitu wa Arabuko-Sokoke pale Kipepeo, Gede, ule mradi wa vipepeo ulioanza 1993, majirani wa msitu wanafuga nyuki pia. Ni nyeusi kidogo, ina harufu ya maua ya msituni, natia kichupa ndani ya mkoba na hakuna weita aliyewahi kuniambia kitu.

Lakini dada, na hapa nakuomba kwa moyo wangu wote, kabla ya kuwapeleka tena kwenye viti vya baharini wapeleke watoto wakale vibibi. Watoto wa Malindi wajue pankeki ya kwao. Asubuhi moja niliamka saa kumi na mbili na nusu nikaenda mji wa kale, ndani kidogo ya Msikiti wa Juma, kuna mama mmoja yuko barazani na majiko mawili ya mkaa. Sufuria ya uji iko kando imefunikwa na kanga, ukiifunua unausikia unapumua, mchele wa kulala majini, tui zito, hamira, sukari na iliki. Anachota upawa mmoja, anamimina katikati ya kikaango kidogo bila kukizungusha, anafunika. Anahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza. Akifunua, kibibi kimejaa vitobo mpaka ukingoni, cheupe juu, chini kahawia, tui limetoka kidogo pembeni limekauka likawa kama utando wa sukari. Nilikula vitano nimesimama. Bei yake hata nusu ya pankeki moja ya baharini haifiki. Nenda mapema lakini, joto letu hili uji wa hamira ukifika saa tatu umeanza kuwa mkali, na yeye mwenyewe saa mbili na nusu ameshamaliza.

SWALI: Mwanangu ngano inamdhuru, daktari amemkataza kabisa. Vibibi vya kununua anaweza kula?
Baba Msumbufu, Barani

JIBU: Wewe si msumbufu, baba. Kibibi cha asili ni mchele, hakina ngano. Lakini wauzaji wengine hutia unga wa ngano kidogo ili uji ushikane ama mchele usiishe haraka, na kwa macho huwezi kujua, kwa hivyo uliza hasa hivyo, "umetia unga wa ngano hata kijiko?" Uliza pia kama kikaango ndicho hicho hicho cha chapati na mandazi. Kama daktari amesema kabisa, hata hio mabaki inamdhuru. Salama zaidi ni kupata mama anayepika vibibi tu, ama upike nyumbani, mchele wa kulowekwa usiku na blenda vinatosha.

SWALI: Dada, wiki ijayo naenda Lamu na mchumba wangu, siku tatu. Anapenda pankeki ya ndizi kupita kiasi. Itapatikana?
Kijana wa Watamu

JIBU: Itapatikana, mdogo wangu, Lamu pankeki ya ndizi ni chakula cha wageni tangu zamani, utaiona kwenye menyu nyingi za barabara ya pwani na Shela. Waambie usiku kabla ya kulala kwamba asubuhi mnataka, wakaweke ndizi zilizoiva, zile ndogo za kisukari zenye madoa meusi, kubwa za kijani kijani hazina utamu. Jioni mtembee uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu. Na kama safari yenu itaangukia Ramadhani, mchana wapishi wengi wamefunga na majiko yamezimwa, subirini karibu na magharibi, vibibi na mkate wa kumimina vinatoka majumbani vya moto, mnunue vingi manake vinakwisha kabla ya adhana.