Maswali ya wasomaji: Turubai la piramidi limegoma kufunga mdomo

Shikamoo kaka. Mimi na wenzangu wawili tulienda kulala Magamba, kule Lushoto, mwezi wa nne. Hema hatuna, tulibeba turubai la bluu la mita 3 kwa 3, kamba na ufito wa mita 1.2 hivi. Nilishaona picha ya turubai limefungwa kama piramidi, limeziba pande zote, nikasema hata sisi tunaweza. Nyuma limekaa vizuri tu ila mbele pamebaki wazi kama lango la zizi, nimevuta kamba mpaka mikono imechubuka wapi, na mvua ya usiku yote imeingia humohumo. Nakosea wapi?

Marahaba mdogo wangu, na poleni sana, baridi ya Magamba mwezi wa nne naijua. Kwanza mlifanya vizuri kubeba ufito wenu badala ya kwenda kukata miti kwenye msitu wa hifadhi. Sasa tatizo lako sio kamba wala nguvu za kuvuta, tatizo ni huo ufito ni mfupi, na hapa sisemi kwa kukisia kwasababu hesabu yake nimeipiga kwenye karatasi alafu nikaenda kuipima uwanjani na tepu.

Sikiliza. Turubai la mraba ukitaka liwe piramidi iliyoziba, nguzo haikai katikati ya turubai, inakaa katikati ya ukingo wa mbele, na urefu wake lazima uwe nusu ya ukingo huo. Turubai la mita 3, nguzo mita 1.5. La mita 4, nguzo mita 2. Kwanini nusu? Kwasababu ukishanyanyua katikati ya ukingo wa mbele, zile nusu mbili zinaning'inia kama mapazia mawili, kila moja lina mita 1.5, na ili pembe zote mbili zifike chini na zikutane hapo kwenye mguu wa nguzo, nguzo yenyewe inatakiwa iwe na urefu uleule wa pazia. Ukiweka ufito wa mita 1.2 pazia linakuwa refu kuliko nguzo, pembe zinakimbilia pembeni na kati yake panabaki uwazi wa zaidi ya mita moja na nusu, ndo hilo lango lako la zizi. Hata ukipunguza sentimita 5 tu, mdomo unaachia kama sentimita 70. Na ukizidisha ukaweka 1.7 pembe zitabaki zinaelea hewani sentimita 20 toka chini. Yani hii kitu inataka kipimo, haitaki ubabe.

Kupiga kwenyewe ni hivi. Tandaza turubai, ukingo mmoja uelekee upepo unakotoka, huo ndo mgongo. Piga vigingi kwenye pembe mbili za mgongo, ukingo uwe umenyooka kabisa usiwe na tumbo. Alafu njoo mbele, shika pembe mbili zilizobaki uzilete pamoja, huku unaangalia kingo za pembeni, zikishanyooka zote mbili na pembe zimegusana, hapohapo piga kigingi kimoja ufunge pembe zote mbili. Ukitazama chini utakuta umepata pembetatu yenye mita 3 kila upande, hujapima chochote, turubai limejipima lenyewe. Katikati nguo itakuwa imelegea imejaa mikunjo kama shuka lililoanguka toka kwenye kamba ya kuanikia, usiogope. Ingia chini yake na nguzo, tafuta katikati ya ukingo wa mbele, sukuma juu mpaka nguzo isimame wima jirani na kile kigingi cha mbele, na hapo utaona mikunjo yote inaisha mara moja. Mimi nimefanya mara nyingi na mpaka leo nikiona turubai linanyooka vile nafurahi.

Usitoke bado. Toa kamba kutoka kichwani kwa nguzo ipeleke mbele, kigingi chake kikae mita 2 au zaidi toka hapo, maana mgongo wote unavuta nguzo kurudi nyuma na bila hiyo kamba ya mbele upepo mmoja tu chali. Alafu kigingi kimoja kimoja katikati ya kila ubavu. Mlango ni lile pazia moja la mbele, unafungua pembe yake unaikunja, na ukiwa ndani unabana mapazia mawili na vibanio vya nguo, vinne vinatosha.

Kuhusu kichwa cha nguzo nina neno kidogo. Haya maturubai ya bei nafuu yana ringi za bati pembezoni na watu wengi tunapitisha kamba humo tunaamini yameisha. Nililala Uluguru siku moja, ringi ya juu ikang'oka saa nane usiku na mvua inapiga, turubai likatuangukia zima, mpaka asubuhi tulikuwa tumekaa tumejifunika nalo kama kuku. Toka siku ile ringi siiamini sehemu yenye mvuto mkubwa. Nachukua kokoto laini ya ukubwa wa limao dogo, naiweka upande wa ndani wa turubai, nalizungushia turubai kwa nje kokoto inakuwa kama kichwa cha mwanasesere, alafu nafunga kamba shingoni. Mvuto unagawanyika kwenye nguo nzima badala ya kung'ang'ania katundu kamoja. Kokoto iwe ya mtoni, iliyosuguliwa na maji, yenye ncha itakata. Na juu ya nguzo valisha soksi kuukuu au kitako cha chupa ya maji isije ikatoboa.

Kwahiyo ukishapata hiyo nguzo ya 1.5 na kokoto yako mvua haiingii. Ila niwe mkweli kwako, turubai la 3 kwa 3 linatoa sakafu kama mita za mraba 3.9, na kwasababu ni pembetatu na mgongo unashuka mpaka chini, eneo la kulala kwa raha ni la mtu mmoja na begi lake, wawili mtabanana miguu inagusa turubai. Nyie mlikuwa watatu. Tafuteni la 4 kwa 4, sakafu inafika karibu mita za mraba 7, hapo mtalala. Kama dukani wana la 3 kwa 4 tu, chukua, ule upande wa mita 3 ufanye wa mbele, na ile mita iliyozidi nyuma ikunjie ndani iwe sakafu, inasaidia sana maji yasipite chini ya mgongo.

Kaka habari za kazi. Nilifanya piramidi kama unavyofundisha siku zote, imefunga vizuri kabisa, lakini asubuhi blanketi limelowa na juu ya turubai kwa ndani kuna matone. Limetoboka? Nimeangalia kwa jua sioni tundu hata moja. Msomaji, Mbeya.

Halijatoboka. Hayo maji umeyatoa mwenyewe mdomoni. Pumzi ya mtu ina mvuke, usiku turubai linapoa, mvuke ukiligusa unageuka maji, kama sufuria la ubwabwa ukifunua mfuniko. Plastiki haipumui, sasa ukiliziba kila mahali mvuke utaenda wapi.

Dawa yake ni kuliachia lipumue kwa mpango. Kwenye vigingi vya ubavuni usifunge turubai likagusa ardhi, weka kitanzi cha kamba ukingo unyanyuke vidole vinne hivi, upande ule ambao hauna upepo. Juu nako, pale mapazia mawili yanapokutana chini ya kichwa cha nguzo, usibane kibanio cha kwanza, acha kama kiganja. Hewa baridi inaingia chini, ya joto inatokea juu. Matone hayataisha yote, Mbeya ni Mbeya, lakini hayatakulowesha. Na mgongo uvute kidogo kwa nje katikati, kokoto nyingine na kamba mpaka kwenye mti, blanketi lisigusane na turubai maana likigusa tu linanyonya maji yote.

Niaje bro, mimi niko Limuru na Julai hii baridi haichezi. Tumepanga camping na maboyz, tutatumia turubai la pyramid. Si tunaweza weka jiko ya makaa ndani, hata kama ni baada ya makaa kushika vizuri na moshi kuisha?

Hapana. Tafadhali sana ndugu yangu, hapana, na waambie wenzako wote kabla hamjatoka nyumbani.

Hilo la kusema moshi umeisha ndo linaloua watu. Makaa yakishakuwa mekundu bila moshi yanaendelea kutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, macho hayakuwashi, hukohoi. Inaingia kwenye damu inakaa mahali pa oksijeni, kichwa kinauma kidogo, unasikia usingizi, na usingizi wenyewe unaukaribisha kwasababu ni usiku na umechoka. Kwenye chumba cha matofali watu wanakufa hivo, sasa fikiria kibanda cha plastiki chenye kimo cha mita 1.5. Usiniambie mtaacha mlango wazi, upepo ukibadilika au mmoja akaufunga kwasababu ya baridi hakuna wa kuamka kuufungua. Kupika nako nje, hata kama ni chai tu.

Baridi mnaishinda hivi. Inayowaumiza zaidi inatoka chini, kwahiyo kabla ya kutandika jazeni majani makavu ya kutosha, yakilaliwa yabaki na unene wa kiganja, juu yake mkeka au godoro jembamba la foam. Chemsheni maji mtie kwenye chupa ya chuma, ifungwe vizuri, izungushiwe sweta iwekwe miguuni ndani ya blanketi, inashika joto muda mrefu. Kuleni kabla ya kulala. Na lile piramidi liwe dogo linalowatosha tu, nafasi kubwa inawapa kazi ya kupasha hewa ya bure.

Na kama mtu yeyote akianza kulalamika kichwa na kuna moto karibu, wote nje kwanza, maswali baadaye.

Assalaam alaykum. Sisi wa Tanga tunapiga kambi Pangani ufukweni, vigingi vinang'oka kila upepo ukija, mchanga haushiki. Turubai ni la 4 kwa 4. Na je, umbali gani na maji?

Wa alaykum salaam. Kwenye mchanga usipige kigingi, kizike. Chukua kiroba kidogo au kipande cha salfeti, jaza mchanga, kifunge kamba katikati, chimba mpaka mkono uingie hadi kwenye kiwiko, kilaze humo, kamba itoke kwa mteremko kuelekea turubai, fukia ukanyagekanyage na kumwagia maji. Hata kipande cha mti cha urefu wa mkono kikizikwa kwa ubapa kinashika vilevile. Kwa 4 kwa 4 nguzo yenu ni mita 2, upepo wa bahari unaipata vizuri sana pale juu, kwahiyo ile kamba ya mbele wekeni mbili zilizotanuka kama herufi V. Mguu wa nguzo nao uwekeeni kipande cha ubao chini, usipofanya hivo utazama usiku, nguzo inakuwa fupi na mdomo unafunguka, mnarudi kwenye tatizo la yule wa Lushoto.

Umbali wa maji, msipime kwa hatua. Tafuteni ule mstari wa juu kabisa wa mwani mkavu na vijiti, sio wa jana wenye mwani mbichi, na mpande juu yake. Na kama mnaenda mwezi mpevu au mwezi mwandamo basi mjue ni bamvua, maji yatapanda kuliko mlivyoyaacha jioni, ongezeni nafasi tena, na muulizeni mvuvi yeyote pale atawaonyesha na kidole yanapofika.