Leseni niliyokuja nayo bado haijaisha: naruhusiwa kuendesha mpaka lini huku nilikohamia?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Nimehamia ughaibuni na familia yangu, na huu ni mwezi wa tano. Leseni ya udereva niliyokuja nayo ina miaka 3 kabla ya kuisha, na kabla ya kusafiri nilichukua kibali cha kimataifa cha mwaka mmoja. Nimeendesha miaka 11 bila ajali. Sasa nimepata kazi mahali pa mbali, nikanunua gari dogo. Jirani yangu anasema niendeshe tu mpaka kibali kiishe. Mwenzangu kazini anasema nimeshachelewa. Nani nimsikilize? Na kama ni lazima nichukue leseni ya huku, ndiyo nianze upya mafunzo na mitihani kama mtu ambaye hajawahi kushika usukani?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Nianze na lile la haraka, maana gari unalo na kesho ni siku ya kazi: ushauri wa jirani usiufuate. Mwenzako wa kazini huenda amesema kweli, lakini hilo linategemea nchi uliyohamia, nawe hukuitaja. Mpaka uijue tarehe yako ya mwisho, nenda kazini kwa basi au omba lifti.

Nafundisha udereva, na wanafunzi wangu wengi ni watu wa aina yako: madereva wazoefu waliohama. Karibu wote wakija mara ya kwanza huitoa leseni na kuniwekea kidole kwenye tarehe ya kuisha. Tarehe hiyo inaihusu nchi iliyokupa leseni. Nchi uliyomo sasa inahesabu kitu kingine kabisa, nacho ni siku ulipoacha kuwa mgeni ukawa mkazi. Leseni yako ni ileile, ila wewe si yuleyule tena mbele ya sheria ya barabara.

Chanzo chake ni mikataba ya usafiri wa barabarani, hasa ule wa Geneva wa 1949 na ule wa Vienna wa 1968. Nchi zilizojiunga zilikubaliana kutambua leseni za wenzao ili watalii, wafanyabiashara na wapita njia waweze kuendesha. Anayehamia hakuwa mlengwa. Mkataba wa Vienna unasema wazi kwamba nchi hailazimiki kuitambua leseni ya mtu ambaye, baada ya kuipata, amehamishia makazi yake ya kawaida katika nchi hiyo. Kwa hiyo muda wowote unaopewa baada ya kuwa mkazi ni muda ambao nchi hiyo imeamua yenyewe kukupa, na kila moja imeamua kivyake.

Kibali cha kimataifa nacho kinawachanganya wengi kwa sababu ya jina lake. Hicho si leseni. Ni kijitabu cha karatasi chenye jalada la kijivu, kinachoeleza leseni yako kwa lugha kadhaa ili askari wa ugenini aweze kuisoma, na bila leseni yenyewe hakina kazi. Kile cha mkataba wa 1949 hudumu mwaka mmoja. Cha 1968 kinaweza kufika miaka 3, mradi leseni yako isiishe kabla. Ukishakuwa mkazi na muda uliopewa ukapita, hata kama kijitabu kina miezi 7 mbele yake, unakuwa unaendesha bila leseni inayotambuliwa. Hapo ndipo jirani yako alipokosea. Na nikiwa hapohapo: wako watu mtandaoni wanaouza vikadi vya plastiki wakiviita leseni ya kimataifa ya miaka 10. Kadi ya namna hiyo haipo katika mkataba wowote kati ya hiyo. Usitoe hela.

Sasa muda wenyewe. Ujerumani hutoa miezi 6 tangu uanze kuishi huko, kwa leseni zilizotoka nje ya Umoja wa Ulaya na nchi zinazohesabiwa pamoja nao. Unaweza kuongezewa hadi miezi 12 ukithibitisha kwamba hutakaa zaidi ya hapo. Uholanzi ni siku 185. Norway ni miezi 3. Uswidi ni mwaka mmoja tangu uandikishwe katika daftari la wakazi, na Uingereza ni miezi 12 tangu uwe mkazi. Kanada, jimbo la Ontario hutoa siku 60 na British Columbia siku 90. Marekani hakuna sheria moja: ukihamia Texas una siku 90, New York siku 30, California siku 10 tu. Kwenye Falme za Kiarabu, ukishapata viza ya ukazi unatakiwa kuwa na leseni ya huko. Kwa hiyo mtu wa mwezi wa tano kama wewe, akiwa Uingereza bado yumo ndani ya sheria. Akiwa Norway au Ontario alishatoka zamani. Akiwa Ujerumani amebakiwa na wiki chache.

Ugumu uko kwenye kujua siku ya kwanza ni ipi. Watu huhesabu kuanzia siku waliyopata kazi, au siku kadi ya ukazi ilipofika kwa posta. Kwa kawaida siyo hizo. Mara nyingi ni siku uliyoingia kwa nia ya kuishi, au siku uliyoandikisha anwani. California huangalia mambo unayoyafanya: ukipiga kura huko, ukilipa ada ya chuo ya mkazi, au ukichukua nafuu yoyote ambayo mgeni hapewi, umeshakuwa mkazi. Na ukishakuwa mkazi, safari ya likizo ya wiki mbili haianzishi hesabu upya. Nimewahi kuletewa pasipoti iliyojaa mihuri na mtu aliyeamini kila muhuri ulimpa mwanzo mpya. Nilisikitika kumwambia kwamba siku zake zilikwisha miezi mitatu nyuma.

Tukija kwenye swali lako la pili, kuna njia mbili, na hutachagua wewe. Inategemea ni nchi gani iliyokupa leseni. Nchi nyingi zina orodha ya zile zinazoziamini. Ikiwa yako imo, unabadilishana: unawapa ya zamani, wanakupa ya kwao, mara nyingi bila mtihani au kwa mtihani mmoja tu. Ikiwa haimo, unafanya mitihani hata kama una uzoefu wa miaka 30. Orodha ya Uingereza, kwa mfano, ina Afrika Kusini na Zimbabwe, lakini haina Kenya, Tanzania wala Uganda. Najua linauma. Halipimi ubora wako kama dereva. Linapima makubaliano kati ya serikali mbili.

Kama nchi yako imo kwenye orodha, bado jihadhari, maana hapa tarehe zinakuwa mbili. Uingereza inakupa miaka 5 tangu uwe mkazi kubadilisha leseni, lakini kuendesha kwa ile ya zamani mwisho ni miezi 12. Atakayekuja mwaka wa tatu atabadilishiwa, sawa, ila muda wote uliopita tangu miezi 12 iishe hakuwa na ruhusa ya kushika usukani. Ufaransa ni kali zaidi: usipoomba ndani ya mwaka wa kwanza wa ukazi, haki ya kubadilishana inapotea na unarudi kwenye mitihani. Jambo jingine ambalo wengi huligundua wamechelewa ni gia. Ikionekana ulifanya mtihani kwa gari la otomatiki, leseni mpya inaweza kukufunga kwenye otomatiki. Kwenye kadi za Ulaya utaona namba 78 mbele ya daraja lako. Na ukibadilisha leseni ya nje katika nchi moja ya Umoja wa Ulaya, kisha ukahamia nyingine ya umoja huohuo, ile ya pili hailazimiki kuikubali.

Kama nchi yako haimo kwenye orodha, hesabu mitihani miwili, wa nadharia na wa barabarani. Hata hivyo hulazimiki kila mahali kurudia mafunzo yote. Ujerumani inakusamehe idadi ya saa za lazima za darasani na barabarani, lakini mitihani yote miwili unaifanya. Ontario inakuhesabia uzoefu wako: mwenye miezi 24 au zaidi iliyothibitishwa anaweza kujaribu moja kwa moja mtihani wa leseni kamili, bila kungoja muda wa mwanafunzi. Uingereza unaomba leseni ya muda, yaani ya mwanafunzi, unafanya nadharia, kisha barabarani. Na ukiwa bado ndani ya miezi 12 yako ya kwanza, kuwa na leseni hiyo ya muda hakukulazimishi kubandika alama ya L ya mwanafunzi wala kuendesha na msimamizi. Miezi 12 ikikatika kabla hujafaulu, masharti yote ya mwanafunzi yanakushika. Ndiyo maana ninawasihi watu waanze mwezi wa pili, si wa kumi na moja.

Nadharia usiidharau. Uingereza ni maswali 50, na unatakiwa kupata 43, halafu kuna video za kutambua hatari ambako unahitaji alama 44 kati ya 75. Mzoefu huanguka hapa kwa sababu anajibu anavyoendesha, siyo kitabu kinavyosema.

Barabarani, tatizo la mzoefu ni mwili wake. Nilikuwa na mwanafunzi aliyeendesha malori tangu ujana. Siku ya kwanza alirudisha gari nyuma kati ya magari mawili yaliyoegeshwa, kwa utulivu ambao mimi mwenyewe sina, akaliweka sambamba na ukingo bila kugusa chochote. Mtihani alianguka. Kosa lake la kwanza: kila alipohama njia, macho yalikwenda kwenye kioo cha pembeni lakini kichwa kilibaki palepale. Alikuwa anaona, ila msahihishaji hakuona kwamba anaona, na kioo hakionyeshi gari lililo ubavuni kabisa. La pili: penye alama ya kusimama, gari lake lilipunguza mwendo likatambaa, halikusimama. Tulifanya masomo manne ya mambo hayo mawili tu. Kidevu kifike begani kabla ya usukani kugeuka. Kwenye mstari wa kusimama, breki mpaka pua ya gari iliyoinama kwa breki irudi juu, kisha ahesabu moja, mbili, kwa sauti. Alifaulu mara ya pili. Miaka yake yote ya lori ilimsaidia, ila ilibidi kwanza ionekane kwa mtu aliyekaa siti ya kushoto na karatasi mkononi.

Kuhusu kukamatwa, usidhani ni faini ndogo tu. Ujerumani, kuendesha baada ya ile miezi 6 ni kosa la jinai la kuendesha bila leseni, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha mwaka mmoja. Uingereza polisi wanaweza kulichukua gari palepale. Lakini kinachonikosesha usingizi kwa niaba yenu ni bima. Unaweza kuwa umelipia bima kila mwezi bila kukosa, ukamgonga mtu, kampuni ikamlipa aliyeumia kisha ikakugeukia wewe ikidai fedha yote kwa sababu hukuwa na leseni halali. Matibabu ya mtu aliyevunjika nyonga ni deni la miaka mingi. Leo hii ipigie simu kampuni yako, waambie una leseni ya nchi gani na umekuwa mkazi tangu lini, na uombe jibu lao kwa maandishi. Ulichowaambia siku ya kununua bima kikiwa si sahihi, sahihisha sasa kabla hakijatokea kitu.

Makaratasi uanze nayo wiki hii. Ofisi iliyokupa leseni iombe barua inayoonyesha tarehe uliyoipata mara ya kwanza, madaraja, na kwamba haijawahi kufungiwa. Leseni ikihuishwa, kadi mpya mara nyingi huonyesha tarehe mpya tu, na miaka yako 11 inakuwa haionekani popote. Ontario haitakuhesabia zaidi ya miezi 12 bila barua ya namna hiyo. Linganisha jina la kwenye leseni na la kwenye pasipoti herufi kwa herufi, kwani jina la ukoo lililotangulizwa limewarudisha watu wengi nyumbani toka kaunta. Tafsiri ifanywe na mtafsiri anayetambuliwa na nchi uliyomo. Ya rafiki anayejua lugha haitapokelewa. Na kabla hujaikabidhi leseni yako, ipige picha pande zote mbili, kwa kuwa nchi nyingi haziirudishi mikononi mwako.

Niandikie tena unitajie nchi, na jimbo kama ni Marekani au Kanada, siku uliyoingia, siku uliyoandikisha anwani, na nchi iliyotoa leseni. Nikiwa na hayo manne nitakuhesabia tarehe yako kamili, na tutajua kama una wiki za kujiandaa au gari likae tu mpaka ufaulu.