SWALI: Kulipokea jua tarehe 21 Disemba ni mila tu?

Dada mmoja wa Makunduchi, Zanzibar, yuko Aberdeen, Uskoti, kazini anatunza wazee na nyumbani analea watoto wawili peke yake. Anasema tarehe 21 Disemba, siku fupi kuliko zote kule, wenzake wa kazini wanawasha moto ufukweni, kila mtu anaandika huzuni zake kwenye karatasi anaitupia motoni halafu wanangoja jua lichomoze walipokee. Mwaka jana alienda, akajisikia mwepesi. Sasa katumiwa klipu ya ustadh anasema hiyo ni mila tu kama Mwaka Kogwa wetu, ile sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi. Anauliza, alikosea?

JIBU: Waalaykumussalaam dada yangu. Hiyo klipu hata mimi nimeiona, imezunguka sana kwenye magrupu na imenikera.

Kushiriki haifai. Ustadh anasema siku hizi hakuna anayeabudu jua, watu wanafurahi tu. Haya, kuna mtu aliweka nadhiri ya kuchinja ngamia sehemu inaitwa Buwana, Mtume (s.a.w) akauliza, palikuwa na sanamu linaloabudiwa? Wakasema hapana. Palifanyika sikukuu yao yoyote? Hapana. Ndipo akamwambia tekeleza nadhiri yako (Abu Daud). Kama sikukuu ni mila tu basi lile swali la pili lilikuwa la nini? Tena tumekatazwa kuswali jua linapochomoza, iko kwenye Sahih Muslim, kwa sababu wakati ule makafiri wanalisujudia, yani mtu umetawadha, umeelekea kibla, unamsujudia Allah peke yake na bado unaambiwa ngoja kwanza lipande, leo tuambiwe kusimama ufukweni kulipokea dakika hiyo hiyo ni burudani?

Na kutolea hoja Mwaka Kogwa ndio kabisa. Kibanda cha makuti kinachomwa halafu unatazamwa moshi umeelekea wapi ili ijulikane mwaka utakuwaje, hiyo ni ramli, haiwi halali kwa vile wazee wetu waliokuwa wanaswali waliifanya. Kula pamoja na kukaribisha wageni sina neno nako.

Lakini wewe sikuiti mshirikina na asikuite mtu. Mahali jua linatoka karibu saa tatu asubuhi na saa tisa na nusu limeshazama, mama peke yake na watoto, upweke ndio uliokupeleka. Leta istighfari, yaishe. Huzuni huna haja ya kuiandikia moto, Nabii Yaaqub (a.s) alilia mpaka macho yakawa meupe na akasema namshitakia Allah sikitiko langu na huzuni yangu (Yusuf, 86), basi na wewe usiku huo mrefu amka umwambie, kwa Kiswahili chako, kila kitu ulichokiandika kwenye ile karatasi. Mchana lipa madeni yako ya Ramadhani, saumu ya Disemba huko ni masaa tisa hivi. Na giza likikuelemea muone daktari, sio upungufu wa imani, hata serikali ya huko inawashauri watu wameze vitamini D miezi ya baridi.

Wenzako usiwakate, wamekufanyia wema. Waalike siku nyingine kwa chai ya tangawizi na maandazi, waeleze kwa upole kwanini mwaka huu huendi. Na kina mama wa msikitini hapo waambie kabisa kwamba uko peke yako, usione haya, waombe siku unazofunga mfuturu pamoja na watoto wako wawepo. Wallahu aalam.